Kipa Hakuuza Mechi

Mwanangu Mwantumu,

Barua za watu huanza kwa kuulizana hali. Ya kwako naijua, maana aliyeiharibu ni mimi. Basi nakusalimu tu, asalaam aleikum, Tumu wangu, na nakuomba uisome hii mpaka mwisho hata kama utakasirika katikati.

Sasa hivi ni saa kumi na moja jioni. Wewe uko Mwera kwa bibi yako, umekwenda kuaga, na ulisema utarudi kabla ya Magharibi. Mimi nimefunga karakana mapema. Baiskeli tatu za watu zimelala chini hazina minyororo, na wenyewe wakija kesho watanitukana, nao wana haki. Nimekaa uani, karatasi nimeiweka juu ya sanduku la spana, na mikono yangu ina grisi, kwa hiyo ukiona madoa ujue si machozi. Machozi nayo yapo, sikufichi.

Habari za chandarua, maji ya kuchemsha na marafiki wa kuwakwepa, shangazi yako Saumu amekwishakupa, na kwa nilivyomsikia hakubakiza kitu. Mimi sina cha kuongeza hapo. Nina jambo moja tu, na nimelikalia miezi mitano.

Tangu siku ile kila ninalokwambia unanijibu, "Sawa, baba." Nikikwambia wali umeiva, sawa, baba. Nilipokuuliza kwa nini kwenye fomu ya chuo umejaza Mwanza kabla ya Dar, na Dar ni karibu, ukanijibu kwamba Mwanza ni pazuri, na nilipokwambia ni mbali mno ukasema sawa, baba, na fomu hukuibadilisha. Wewe uliyekuwa ukibisha mpaka idadi ya rakaa za tarawehe! Nyumba imekuwa kimya hata nasikia friji ya jirani. Najua umechagua Mwanza kwa sababu ramani haikuwa na chuo cha mbali zaidi.

Nikukumbushe ulikotokea, maana ulikuwa mdogo. Mama yako alikuwa na miezi minne tu tangu tumzike. Wewe ulikuwa na miaka sita, na aliyekuwa akikuogesha na kukusuka nywele ni Bi Mize, jirani yetu, ambaye naye ujane ulimkuta akiwa na mwanawe Faki mkononi, amehama naye kutoka Pemba. Jumamosi moja Bi Mize alikuwa amevuka kwenda harusini kwao, mimi sina wa kumwachia mtoto, na timu yetu inacheza. Mtu mwenye akili angebaki nyumbani. Mimi nikakupakia kwenye kerea ya baiskeli, nikakununulia muwa, tukaenda kukaa mzunguko, kwenye viti vya bei ya chini, juani.

Wenzako wote wanatazama mpira. Wewe ulikuwa unatazama mahali ambapo mpira haupo. Dakika kumi hazijafika ukanivuta shati. "Baba, yule namba mbili akienda mbele mbona harudi?"

Nikakwambia kula muwa wako.

Goli likapita upande uleule. Ukanitazama, ukaendelea na muwa. Mzee mmoja nyuma yetu alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Siku ile, Tumu, nilijiona nimepata mtu wa kuishi naye. Nilikuwa nadhani nimebaki peke yangu na mtoto wa kulisha, kumbe nimebaki na mwenzangu.

Ulipojua kuandika ukaanza daftari. Kila mechi kurasa mbili, tarehe juu, matokeo chini, katikati maoni. Nayakumbuka mengine kwa moyo. Uliandika kwamba mshambuliaji wetu mpya ana nywele nzuri kuliko mguu wake wa kushoto. Uliandika kwamba kocha hufanya mabadiliko dakika ya themanini, kama mtu anayekumbuka chungu baada ya kusikia harufu ya kuungua. Kuhusu mwamuzi aliyetunyima penalti, siku mji mzima unataka kumla nyama, uliandika: mwamuzi alikosea mara moja, sisi tulikosea mara tisa. Na ukazitaja zote tisa, na dakika zake.

Halafu lile nililolipenda kuliko yote. Uliandika kwamba timu haishuki daraja siku ya mechi ya mwisho. Inashuka mwezi wa pili, kwenye zile mechi za mbali, wachezaji wanapofika wamekaa kwenye basi siku mbili, na sisi mashabiki hatujisumbui hata kuuliza matokeo mpaka kesho yake. Tukija kulia mwezi wa tano, tunalia maiti iliyokwisha kuzikwa. Ulikuwa na miaka kumi na tatu.

Sasa nisikilize vizuri, hapa ndipo ninapoanza kuona haya.

Unaujua ule ubao mweusi pale kwa muuza kahawa, mkabala na karakana yangu. Siku ya pili baada ya mechi mtu mmoja anaandika maoni yake kwa chaki, na baada ya Alasiri wote wanakusanyika, yanasomwa kwa sauti, halafu yanashambuliwa mpaka adhana ya Magharibi. Na aliyeandika lazima asimame palepale ajibu. Akikimbia bila kujibu, msimu mzima watu watamwita jina la ajabu. Mimi miaka yote nilikuwa mtu wa kukaa pembeni ya benchi, kikombe mkononi, hakuna anayeniuliza kitu. Fundi baiskeli, mjane, mtu wa kusogezwa ili wengine wakae.

Siku moja nikarudia sentensi yako. Moja tu, ilinitoka. Benchi zima likanigeukia, na Mzee Kassimu, yule mwenye kahawa, akasema, "Yakhe Mbwana, leo umenena." Akaniongeza kikombe bila kunidai.

Hicho kikombe ndicho kilichonipoteza. Wiki iliyofuata nilichukua chaki mwenyewe, nikanakili ukurasa wako kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Wakaniita Mchambuzi. Miaka minane nimekuwa Mchambuzi. Watu walikuja kutoka Chumbageni kusoma ubao wetu. Wakinibana kwa swali nisilolijua nawaambia nitajibu kesho, nao kwa kuwa ni Mchambuzi wananivumilia, halafu usiku tukila nakuuliza wewe kwa kuzunguka, kama vile mimi ndiye ninayekupima. Nawe ulikuwa unajibu kwa furaha, mdomo umejaa wali.

Ulijua, bila shaka. Ulikuwa unapita pale ukitoka shule, unasimama ng'ambo ya barabara na mkoba wako, unasoma maneno yako kwa mwandiko wangu, unacheka peke yako. Mwaka ule ulipoingia sekondari ukaniuliza, "Baba, mbona huandiki jina langu?"

Nikakwambia wanaume hawatasoma maoni ya mtoto wa kike.

Ukafikiri. Ukasema, "Basi andika Tumu tu. Hawatojua kama ni mwanamke."

Nikakwambia msimu ujao. Na msimu ujao ulipofika ukaniuliza tena, nikasema ujao. Mara ya tatu hukuuliza. Nilishukuru hukuuliza, nikadhani umesahau. Leo ninajua mtoto akiacha kuuliza si kwamba amesahau.

Nakuja kwenye mechi ile. Tulihitaji sare tu ili tubaki kwenye ligi. Lango limeshikwa na Faki wetu, Faki uliyekuwa ukimrushia mpira uani mpaka tukabadilisha vioo viwili vya Bi Mize. Dakika za mwisho ikapigwa krosi kutoka kushoto, Faki akatoka, mpira ukampita juu ya mikono, wakatufunga. Tukashuka daraja. Nilikuona unalia na huku unaandika, yote mawili kwa wakati mmoja.

Ukurasa wako ulisema hivi. Kwamba krosi ile haikuwa ya kipa, ilikuwa ya beki wa kati ambaye alisimama kuinua mkono akidai mtu ameotea. Kwamba Faki alitoka kwa sababu aliona hakuna mwingine anayetoka. Kwamba bega lake la kulia lilikuwa limefungwa bandeji tangu mechi mbili nyuma, Bi Mize analisugua kwa mafuta ya karafuu kila jioni, na alicheza hivyohivyo kwa kuwa kipa wa pili alikuwa mgonjwa. Ukamalizia: aliyefungwa ni Faki, waliofungisha ni wengine.

Nilisoma nikaona ni haki tupu. Asubuhi nikaenda ubaoni nimekariri.

Nilikuta watu kama hamsini. Hawakungoja Alasiri. Walikuwa wamekesha na hasira, na wote walikuwa na neno moja, kwamba kijana amehongwa. Mimi nimeshika chaki, nimewapa mgongo, nasikia pumzi zao. Mmoja akasema, "Mchambuzi, hebu twambie weye mwenye macho. Kauza, hajauza?"

Tumu, miaka minane walinisifu kwa maneno yako. Siku ile kwa mara ya kwanza maneno yako yangenifanya nichukiwe. Nikaona nitarudi pembeni ya benchi. Mkono wangu ukaandika: Kipa ameuza mechi.

Wakapiga makofi. Nami nikageuka nikainua chaki juu. Hilo wewe hukuliona, na ningeweza kulificha, lakini nililifanya. Niliinua chaki juu kama mtu aliyeshinda.

Mchana picha ya ubao ilikuwa kwenye simu za watu mpaka Horohoro mpakani. Jioni yake mtu akarusha mawe kwenye bati la Bi Mize. Asubuhi Faki hakuweza kutoka hata kwenda msikitini. Siku ya tatu akapanda boti na begi moja, akaenda kwa wajomba zake Pemba, na mpaka leo yuko kule analima mpunga, glavu ameziacha hapa juu ya kabati.

Na siku hiyohiyo ya tatu Bi Mize akaja karakana. Watu wamejaa, wamekuja kunywa kahawa na kusema. Alikuwa amevaa buibui lake, hakupiga kelele. "Mbwana, nna suala moja. Ni weye uloandika mwanangu kauza mechi?"

Ningesema ndiyo, mambo yangeisha palepale kwa aibu yangu peke yangu. Nikasema, "Si mimi, Bi Mize. Maneno yale ni ya Tumu. Mimi hunakili tu. Mambo ya kitoto, usiyatie moyoni."

Miaka minane sikulitaja jina lako mbele ya watu wale. Siku nilipolitaja, nilitaja ili kukutupia kosa langu.

Na wewe ulikuwa mlangoni. Umeniletea chakula kwenye hotipoti, umesimama umeishika kwa mikono miwili. Bi Mize akageuka. "Ni weye, Tumu?" Ukanitazama mimi. Mimi nikainama nikaanza kukaza spoku ambayo haikulegea. Nilijua utasema kweli, nilikuwa najiandaa kukuita mwongo, Mungu anisamehe, nilikuwa hata neno nimelitayarisha.

Ukasema, "Nisamehe, Bi Mize."

Ukaweka hotipoti juu ya benchi ukaondoka. Bi Mize naye akaondoka. Watu wakacheka kidogo, mmoja akasema kumbe Mchambuzi ni mtoto wa kike, wakarudi kwenye kahawa zao. Chakula kile nilikila. Nilikuwa na njaa, nikakila chote.

Tangu hapo aliyekulea anapita mbele ya mlango wetu anatazama ng'ambo. Nimeona unavyongoja dirishani saa anazotoka chuoni kusomesha Kurani. Unangoja, anapita, unafunga pazia. Kila siku nilijiambia leo nitakwenda nimwambie. Kila siku nikaona afadhali kesho. Nilikuwa nadhani kwa kuwa hulii, kidonda kinapona chenyewe.

Kuhusu ile "nisamehe" yako nina neno, na si wosia, ni ombi. Usilibebe tena kosa la mtu kwa sababu unampenda. Hata langu. Najua ulifanya ili nisiaibike mbele ya watu, na wapo watakaokusifu kwa adabu. Mimi niliyefaidika nakwambia hukunisaidia. Ulinipa miezi mitano ya kuendelea kuwa mwoga. Na huko uendako, ukisema jambo darasani, halafu mtu mwenye sauti nene akalirudia na watu wakatikisa vichwa, simama palepale useme hilo nimelisema mimi. Usingoje msimu ujao.

Sasa nikwambie ya leo.

Asubuhi ulipokuwa unafunga mizigo ulitoa madaftari yako yote ukayapanga karibu na mlango. Nikakuuliza ya nini, ukasema ya mama wa karanga, akafungie. Sawa, nikasema, safari hii mimi. Ulipoondoka kwenda Mwera nikakaa nayo. Miaka kumi ya ligi yetu, mechi kwa mechi, yachanwe vipande vya kufungia karanga, na wewe uliyeyaandika hukugeuka hata kuyatazama. Ndipo nikajua nimefanya nini. Nilikuwa najua nimekuvunjia heshima. Sikujua kwamba nimekuulia hata hamu ya kuandika.

Nikatafuta la msimu uliopita, nikapata ule ukurasa, nikaenda nalo kwa Bi Mize baada ya Adhuhuri. Hakunikaribisha ndani. Nikasema nikiwa nimesimama kizingitini, nimeangalia miguu yake. Nikamwambia yote, kuanzia kikombe cha kahawa. Alinisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza akauliza kitu kimoja, "Na yeye aliandika nini?"

Nikamsomea. Akasema soma tena. Nikasoma tena. Akasema, "Hapo pa bega. Soma hapo." Nikasoma pale pa bega na mafuta ya karafuu mara ya tatu, na mara ya tatu alikaa chini mlangoni, akajifunika uso kwa kanga. Nikasimama tu, sina la kufanya na mikono yangu.

Halafu akachukua simu akampigia Faki. Akaweka sauti kubwa ili nisikie. Akamwambia Mbwana yuko hapa, amesema si Tumu aliyeandika. Nyuma ya Faki nikasikia ndege wa kule shambani. Akasema, "Najua, mama. Siku ileile nilijua. Tumu hawezi kukosea habari ya krosi ile. Tumu angejua mpira ule si wangu."

Bi Mize akamuuliza, "Mbona hukusema?"

"Ningesema nani anisikilize, mama? Si ndo mie muuza mechi?"

Nimeandika haya kama alivyoyasema, sikuongeza neno. Sasa unajua mtu aliyekuwa golini hakukudhania hata siku moja. Mimi, baba yako, ndiye niliyekuwa tayari kukuita mwongo.

Bi Mize akakata simu, akaniambia, "Kwangu umesema. Ubaoni je?"

Nikaenda. Alasiri imeshaswaliwa, benchi limejaa. Wanajadili msimu mpya wa daraja la kwanza, nani asajiliwe. Nikafuta walichoandika, wakaguna, nikaandika kwa herufi kubwa: Kipa hakuuza mechi. Niliyesema ameuza ni mimi Mbwana, kwa akili yangu. Binti yangu Mwantumu aliandika kinyume chake, na maoni yote mliyoyasifu hapa miaka minane ni yake.

Nikageuka nikasimama, maana ndiyo desturi. Mmoja akanung'unika, msimu umeshakwisha, ya nini kufukua. Mzee Kassimu akaweka birika chini.

"Ile ya mwezi wa pili, kwamba timu hushuka kule. Yake?"

"Yake."

"Ya kocha na chungu?"

"Yake."

"Ya mwamuzi na makosa tisa?"

"Yake, Mzee Kassimu."

"Sasa weye Mbwana yako ipi?"

Nikamwambia moja tu ni yangu, ile ya kipa. Akanitazama, akachukua kikombe changu kilichokuwa kimewekwa mbele yangu, akaimwaga kahawa yake mtaroni. Nikavuka barabara nikarudi karakana, nikafunga.

Usinihurumie. Nilijua nitaumia, na sikufanya ili unione shujaa. Aliyechelewa miezi mitano si shujaa. Nilifanya kwa kuwa kesho unaondoka, na sikutaka uende ukiwa umevaa jina baya lililo langu.

Madaftari nimeyaweka chini ya nguo zako, yote. Ukitaka kuyatupa Mwanza, yatupe, ni mali yako. Bi Mize aliniomba ule ukurasa mmoja. Nikamwambia siwezi kuutoa, aje akuombe mwenyewe.

Amekuja sasa hivi, nilipokuwa naandika kuhusu muwa. Alisimama hapo uani akanitazama na grisi yangu. Akasema, "Mbwana, kesho mie ndo ntakayempeleka stendi. Nimeshamwambia mwenye bajaji, alfajiri atakuja kwangu."

Nikamwambia vizuri, tutakwenda wote watatu.

"La. Weye baki. Mtoto nilomsuka nywele, miezi mitano napita mlangoni kwake sikumtupia hata salamu, kwa neno lako. Miezi mitano umenichukulia. Nipe saa moja."

Nilitaka kubisha, Tumu. Nilitaka kumwambia wewe ni mwanangu wa pekee, kwamba nimehesabu siku, kwamba sijui kama utarudi likizo au utatafuta sababu ya kubaki huko. Nikamwangalia nikaona ananiomba kidogo sana kwa nilichomfanyia. Nikakubali. Akaniambia usiku huu nisikwambie kitu, anataka kukwambia yeye kwa mdomo wake, njiani.

Kwa hiyo barua hii naitia kwenye mkoba wako wa juu, na utakapoifungua utakuwa umeshapita Segera. Utakuwa tayari umekumbatiwa na Bi Mize. Na utakuwa umejiuliza kwa nini asubuhi baba yako alikuaga mlangoni, miguu mitupu, akarudi ndani upesi kama mtu asiyejali. Nilitamani kukubebea sanduku mpaka stendi ya Kange. Nilitamani nikuone unakaa dirishani, nigonge kioo, nikimbie kidogo pembeni ya basi kama wale wazee tunaowachekaga. Nafasi ya kukusindikiza ni ya mtu mmoja, na mimi nimempisha Bi Mize.

Baba yako,
Mbwana